Joto la Chini au la Ukutani

Riyadh, 17 Januari 2014

Mke wangu mpenzi, Mama Chelimo,

Salamu zikufikie huko kwenye jasho la Jeddah, zikitoka kwa mumeo anayetetemeka Riyadh. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu ambavyo sijavisikia tangu Krismasi. Wewe je? Mgongo umepoa? Madam bado anakuamsha na ile kengele yake? Na Sitti, yule mama yake mzee, hajambo?

Usicheke. Najua mtu akisema Saudi unafikiria jua tu, lakini huku Januari upepo wa jangwani unaingia mpaka kwenye meno. Hapa kambini tunalala na soksi, koti na kofia. Jana Ezekieli, yule Mtanzania tunayelala naye chumba kimoja, ameamka akasema ameota amekuwa samaki wa kwenye friji.

Sasa sikiliza, maana nimekuwa na jambo hili kifuani siku nyingi. Tumemaliza ile villa ya kaskazini. Kazi yangu pale ilikuwa kulaza mabomba ya plastiki chini, chumba kizima, yanakwenda na kurudi kama mkeka unaosukwa. Halafu saruji inamwagwa juu, halafu marumaru. Maji ya moto yanapita humo ndani na sakafu inapata joto. Siku ya kujaribu mitambo mhandisi Mmisri akatuambia, yalla, haya, vueni viatu. Mama Chelimo! Ilikuwa kama kukanyaga tumbo la ng'ombe aliyelala. Wanaume wazima tulisimama pale na miguu mitupu tunachekelea kama watoto. Mimi nikamwona Chelimo wetu pale, anacheza chini bila sweta tatu, bila kile kikohozi cha Julai kinachomkunja kama jani.

Nimeamua. Nyumba yetu ya Timboroa itakuwa na sakafu ya joto. Kuta ziko, bati liko, chini bado ni udongo, kwa hiyo ni sasa au basi. Mhandisi ameniruhusu nichukue mabaki ya mabomba, na kuna jamaa anapakia kontena la kwenda Mombasa. Fundi Nehemiah anangoja neno langu. Maji tutayachemshia kwa kuni pale jikoni. Mkataba wangu na wako, yote miwili inaisha Juni, tunarudi pamoja kama tulivyosema, tunakanyaga joto letu wenyewe.

Sema tu ndiyo. Barua analeta Elkanah, yule Mkisii wa lori la mazulia. Anashusha mzigo huko Jeddah, soko la Balad, kila baada ya majuma mawili, basi ukienda na madam kununua vitambaa mpe jibu hapo hapo. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye barua mtu angalau anamaliza sentensi.

Ni mimi mumeo,
Baba Chelimo


Jeddah, 2 Februari 2014

Kwako Baba Chelimo,

Nimepokea salamu zako na mimi nakurudishia, na pole kwa vidole. Mgongo hautaki kuzungumziwa. Sitti hajambo, anakusalimia bila kukujua. Madam ni yule yule.

Haya. Sasa, Baba Chelimo, umelogwa na nani?

Barua nimeisoma bafuni mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika. Mimi ni mtoto wa Mumias, nimezaliwa kwenye miwa na jua. Wewe ndiwe uliyenipeleka Timboroa, mahali ambapo mtu anaanika nguo asubuhi na jioni anaitoa ikiwa imesimama yenyewe. Hakuna mtu anayetaka joto kwenye nyumba ile kunishinda mimi. Kwa hiyo usifikiri nabishana kwa sababu sijui baridi.

Lakini kwa nini joto likazikwe? Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda Taif na hii familia. Taif ni milimani, baridi yake inanikumbusha kwa mama yako. Nyumba yao ya kule ina vile vyuma vya mbavu mbavu ukutani, maji ya moto yanapita ndani. Sijui kwa Kiswahili vinaitwaje, mimi naviita rejeta, maana ni kama rejeta ya lori iliyostaafu. Unafungua, dakika chache chuma kimepata moto. Ukikaa karibu unaota, ukitaka unaanika soksi. Kikivuja unaona kinavuja! Unaita fundi yeyote wa bomba, anafunga, maisha yanaendelea. Na si lazima ununue vyote kwa siku moja. Tunaanza na kimoja, chumba cha Chelimo, halafu tunaishi.

Yako ikivuja utaona nini? Utaona saruji. Ndipo utaanza kuchimba nyumba kama mtu anayetafuta dhahabu.

Na hayo maji chini ya sakafu yanasukumwa na nini? Hukusema. Ukiona Baba Chelimo amenyamazia kitu, ujue hapo ndipo penye kitu.

Halafu nimeona jambo lingine kule Taif. Nyumba ni kubwa, kila mtu ana chumba, lakini ile rejeta ya sebuleni ndiyo ilikuwa kubwa kupita zote. Sitti aliweka kiti chake pale. Baada ya siku mbili wote walikuwa pale, hata yule kijana wao asiyetoa macho kwenye simu. Moto ukiwa mahali pamoja unaita watu.

Kwa hiyo mimi ni wa rejeta. Na zaidi ya rejeta mimi ni wa Juni. Hilo usilizungushe kama mabomba yako.

Mkeo,
Mama Chelimo


Riyadh, 20 Februari 2014

Mama Chelimo wangu, mwenye ulimi wa pilipili,

U hali gani? Mimi nashukuru Mungu, baridi inaanza kupungua na vidole vimerudi nyumbani. Elkanah amenipa barua yako huku anacheka, nadhani ulimsimulia kabla ya kumpa. Mtu wa lori akishajua, mpaka mizani ya barabarani inajua.

Maji yanasukumwa na pampu. Ndiyo, ya stima. Ndiyo, stima ya Timboroa nayo naijua, inakimbia mvua ikikohoa tu. Lakini sakafu ikishapata joto inalitunza, hata stima ikilala masaa, saruji bado ina moto. Rejeta yako ikizimika imekuwa chuma baridi ukutani, picha tu. Na joto la rejeta linapanda juu, linaenda kupasha bati. Chelimo yuko chini! Mama yuko chini, tangu lini umemwona mama yangu amekaa kwenye kiti? Anaketi kwenye ngozi yake, miguu imenyooshwa. Watu wetu ni wa chini, basi na joto liwe chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa nikwambie lingine, na usinirukie. Bosi wangu, yule kafili aliyenileta huku, ameniita. Anasema kazi zimekuwa nyingi, kila anayejenga huku anataka sakafu ya joto, na mafundi wanaojua kulaza bomba bila kulikunja ni wachache. Anataka nisaini tena, miaka miwili. Sijasema ndiyo. Sijasema la.

Mama Chelimo, hapa mhandisi akichanganyikiwa ananiita mimi. Anasema, wen Hillary? Hillary yuko wapi? Nikirudi Juni nitarudi kama nani? Timboroa nani ana sakafu ya joto nimlazie? Nitarudi kufunga matangi ya mvua na kuzibua sinki la shule. Halafu wale jamaa wa pale stendi watakaa waniangalie, waseme mtu wa Saudi amerudi na nini, na nyumba yenyewe bado ina udongo chini. Hilo linaninyima usingizi. Nalala, naamka, nalala.

Mwaka mmoja tu zaidi, labda. Tungekuwa tumemaliza kila kitu. Fikiria.

Mumeo,
Baba Chelimo


Jeddah, 6 Machi 2014

Baba Chelimo,

Salamu. Mimi mzima. Sina barua ndefu.

Kafili amekwambia miaka miwili, wewe umeniambia "mwaka mmoja labda". Mkataba ni wa miwili au ni wa labda?

Bibi yake Chelimo, Kogo, amenipigia Ijumaa. Unajua mama yako hapigi simu, huwa anabipu tu. Safari hii alipiga. Chelimo alikuwa zahanati tena, kifua, na hata Julai haijafika. Ametoka, anakula. Lakini alichukua simu akaniuliza, mama, ile nyumba ya joto mmeificha wapi? Aki ya Mungu nilikaa kwenye ngazi na ndoo ya madam mkononi.

Mtoto haulizi ni ya chini au ya ukutani.

Mimi nimemwambia madam kwamba Juni namaliza. Amenuna siku mbili, akanipa vyombo vya mwaka mzima kuosha, halafu Sitti akamkaripia na leo amesema halas, basi, tiketi atakata. Huo ndio msimamo wangu. Wewe fikiria wako, lakini usinitumie tena barua yenye labda.

Mama Chelimo


Riyadh, 11 Aprili 2014

Mke wangu mpenzi,

Sijui kama u mzima, maana hunijibu. Elkanah amekwenda Jeddah na kurudi, amekwenda na kurudi, mkono mtupu. Ananiambia amekuona Balad ukiwa na madam, umembeba mtoto wa madam na mifuko, ukamsalimia kwa kichwa ukapita. Kwa kichwa! Mtu tuliyemlisha ugali nyumbani kwetu. Basi hata kama umenikasirikia mimi, lori lina kosa gani?

Hata hivyo nina habari njema na nitakwambia ukipenda usipende. Mabomba yamefika. Kontena lilishuka Mombasa, Nehemiah akayapokea Nakuru. Nimemwelekeza kwa simu majuma mawili, bomba kwa bomba, mpaka sikio langu likawa jekundu. Nimemgawia mizunguko miwili: mmoja mkubwa wa sebule, mwingine mdogo kwenye ile kona ya jikoni. Kila mzunguko una koki yake. Pampu imefungwa. Tangi la kuchemshia limeshikizwa kwenye jiko. Jumanne wamemwaga saruji. Imekwisha, Mama Chelimo. Nehemiah amenitumia picha, nimewaonyesha kambi nzima, na mhandisi akasema kazi ni safi kushinda ya Wafilipino.

Nimemwambia mama sheria zote. Asimwage maji mpaka ikauke. Asiingize magogo. Asiburute kitu. Ameitikia kila moja, wee, wee, kama kawaida yake.

Sasa utaona kwamba sikuwa naota. Ukikanyaga utanisamehe miguu ikiwa bado mlangoni.

Habari ya kusaini, kafili amenipa mpaka kabla ya Ramadhani. Bado sijashika kalamu. Niandikie basi.

Mumeo,
Baba Chelimo


Jeddah, 9 Mei 2014

Kwako Baba Chelimo, mhandisi wa simu,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizokunyima mwezi mzima, maana leo utazihitaji. Kaa chini. Kama umesimama kwenye ngazi, shuka.

Ulimwaga sakafu ya nyumba yetu bila neno langu. Nilikuwa nimeandaa barua ya kurasa nne kuhusu hilo, na kila ukurasa ulilitaja jina lako vibaya. Nimeichana. Mama yako amenijibia.

Kogo amepiga simu jana, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Akaniambia, mke wa mwanangu, ile sakafu imetoa chemchemi.

Nikamwambia, Kogo, chemchemi gani?

Basi akasimulia, na mimi nakusimulia kama alivyosema. Siku moja tu baada ya saruji, mvua ya mawe ilipiga Timboroa. Yule kondoo mweusi akazaa kwenye mvua, kitoto kikatoka kama kitambaa kilicholowa. Sasa mama yako afanye nini? Nyumba ya zamani inavuja. Nyumba mpya haivuji, ina mlango, na si wewe ulimwambia ni ya joto? Na zaidi ya hapo, Baba Chelimo, niambie wewe uliyezaliwa pale: nyumba ya kwenu ina ruhusa ya kulalwa na mtu kabla mnyama hajalala ndani? Mimi nilipoolewa si mlinizuia mlangoni, na mzigo wangu kichwani, mpaka ndama aingie kwanza alale? Nililala kwa shangazi yako usiku wangu wa kwanza, nasikia ndama akilia kwenye kitanda changu!

Kwa hiyo Kogo akaingiza kondoo na kitoto chake. Na kondoo mwenye mtoto hafungwi kwenye hewa. Akachukua kigingi, akachukua mgongo wa shoka, akakigongomea katikati ya sebule, saruji ikiwa bado laini. Anasema kiliingia vizuri, kwa mapigo machache tu. Hakuburuta kitu. Hakumwaga maji. Hakuingiza gogo. Sheria zako zote amezishika. Ya kigingi hukumwambia.

Wiki iliyopita Nehemiah amekuja kufungua maji kwa mara ya kwanza. Maji yakapanda pembeni ya kigingi, pole pole, safi kabisa. Na Baba Chelimo, mama yako alidhani ndivyo ulivyopanga. Alidhani umemwekea mahali pa kunyweshea kondoo. Alikushukuru! Akamwambia Nehemiah, mwanangu huko Saudi amekumbuka mifugo.

Nilicheka mpaka madam akatoka chumbani kuuliza mafi kazi leo, hakuna kazi? Halafu nikaingia bafuni nikalia, na sijui kwa nini nililia, ila nilikuwa naiona ile sebule na kigingi kile na wewe hupo na mimi sipo.

Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walisema. Wewe hukuiacha, uliisahau. Umekaa huku mpaka umesahau mama yako anafungia wapi kondoo.

Tiketi yangu imekatwa. Natoka Jeddah tarehe kumi na tisa Juni. Ukija, njoo. Nimechoka kukushawishi.

Mkeo,
Mama Chelimo


Riyadh, 30 Mei 2014

Mama Chelimo,

Salamu. Siko sawa na sitajifanya niko sawa.

Nimesoma barua yako mbele ya Ezekieli na yeye akacheka mpaka akaomba radhi. Mimi sikucheka. Kigingi! Nimelaza mabomba kwenye nyumba za watu ambao hata majina yao siruhusiwi kuuliza, hakuna aliyepiga hata msumari. Nyumba moja tu ya kwangu, mama yangu mzazi amekuja na shoka. Nilitoka nje nikatembea mpaka mwisho wa ukuta wa kambi nikarudi, nikaenda tena. Joto limeshaanza huku, ardhi inachoma, na mimi nazunguka kama kichaa.

Nimempigia Nehemiah. Hawezi. Anaogopa kugusa, anasema hajawahi kuona bomba la namna hii likiungwa. Na mimi siwezi kumfundisha kwa simu, hilo ni jambo la mkono. Ningekuwa pale ningechimba shimo la ukubwa wa sahani, nikate palipotoboka, nivishe kiungo cha shaba kisichozidi kidole gumba, nikaze, nifunike. Asubuhi moja, chai isipoe. Lakini siko pale. Kwa hiyo nimewaza hivi: nisaini ile miaka miwili, nitume mabomba mapya, Nehemiah avunje sakafu yote, tuanze upya vizuri kwa mpango.

Usinijibu kwa hasira. Mimi nataka tu nikirudi nirudi kwenye kitu kilichokamilika. Siwezi kuingia kwenye nyumba ile watu wakiniona nakanyaga aibu yangu. Najua unaniona mkaidi. Sawa, ni mkaidi, lakini ni mkaidi kwa ajili yenu.

Safiri salama. Mbusu Chelimo. Mwambie baba anamalizia kazi.

Mumeo,
Baba Chelimo


Timboroa, 13 Julai 2014

Baba Chelimo wangu,

Habari za Riyadh, habari za mfungo? Najua hata ninyi msiofunga mnakula kwa kujificha siku hizi. Sisi huku hatujambo. Barua hii anakuja nayo Miriam wa Burnt Forest, likizo yake imekwisha na anarudi Riyadh kwa bosi wake. Nimemwambia aiweke kwenye mkono wako, asimpe mtu mwingine.

Nilipanda ndege Jeddah peke yangu. Kiti cha pembeni kilikuwa na mtu, na nilimchukia safari nzima bila kosa lake.

Chelimo alinikimbilia mpaka barabarani, halafu akasimama hatua chache mbele yangu akaona haya. Amerefuka. Ana meno mapya, makubwa, ya kwako. Ilinichukua siku nzima kabla hajaniita mama bila kumwangalia Kogo kwanza. Nakuandikia hili ulijue, sikuandikii likuchome. Au basi, likuchome kidogo.

Sasa habari ya nyumba. Nilifika nikiwa nimejiandaa kununua rejeta yangu na kuitundika kwa kelele. Nimeulizia Nakuru, nimeulizia Eldoret. Wananitolea rejeta za lori, Baba Chelimo. Za lori kweli! Mmoja akaniuliza gari ni la mwaka gani.

Basi nikakumbuka ulivyoandika kwamba kila mzunguko una koki yake. Nikamwita Nehemiah, nikamwambia, ule wa sebule wenye kigingi ufunge. Huu mdogo wa kona ya jikoni ufungue. Alikuwa anaogopa hata kushika, nikaishika mimi. Tukawasha kuni. Stima ilikuwepo, Mungu mkubwa. Tukangoja. Kogo akasema hakuna kitu, akaenda kukamua. Chelimo akavua viatu akasimama pale kwenye kona, akasimama, akasimama, halafu akanitazama na macho ambayo hata siwezi kukuandikia.

Ina joto. Ulikuwa umesema kweli, nimekubali, nimeandika, itunze barua hii maana sitarudia. Na stima ikipotea joto linakaa, hilo nalo ulisema kweli.

Lakini ni pale tu. Kipande cha ukubwa wa kitanda, labda na nusu. Nyumba iliyobaki yote ni baridi ile ile ya mama yako. Kwa hiyo unafikiri tunaishi wapi? Kogo ametandika ngozi yake pale. Chelimo amehamisha vitabu pale. Unga umehamia pale, paka amehamia pale, majirani wakija wanavua viatu bila kuambiwa na wanajibana pale. Jioni tunaketi magoti yanagusana. Sasa niambie ni nani kati yetu aliyeshinda, maana hili ni joto la chini, na limekaa mahali pamoja, na linaita watu.

Chelimo amekohoa mara chache tu tangu Julai ianze. Anasema sakafu inamshika mgongo.

Hata kitoto cha kondoo kimejua. Kogo anakifunga kwenye kigingi chake jioni, asubuhi tunakikuta kimekata kamba kiko katikati yetu.

Barua yako ya mwisho ninayo hapa. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kuna mahali umeandika, ningekuwa pale, shimo la sahani, kiungo cha kidole gumba, asubuhi moja, chai isipoe. Halafu mstari unaofuata unasaini miaka miwili. Baba Chelimo, soma tena ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe. Hiyo sakafu haikosi bomba.

Wale jamaa wa stendi wameshakuja wote. Hakuna aliyeuliza umerudi na nini. Wameuliza utarudi lini, kila mmoja anataka umtengenezee kona kama yetu.

Sijui kama umeshasaini. Sitakuuliza. Tunavyolala hapa ni hivi: Kogo ukutani, halafu Chelimo, halafu mimi. Baada ya mimi kuna nafasi ya mtu mmoja, ndiyo ya mwisho yenye joto, ikiisha hiyo ni saruji baridi mpaka kwenye kigingi. Usiku huwa nainyooshea mkono. Asubuhi nakuta kondoo.

Mkeo,
Mama Chelimo


Ujumbe wa simu, 2 Agosti 2014

Mama Chelimo, hamjambo hapo konani? Miriam alifikisha. Sikusaini. Kafili alinuna, halafu akanipigia mhuri wa kutoka. Niko uwanja wa ndege Riyadh, sikupata usingizi, ila huu ni ukosefu mwingine wa usingizi.

Askari wa ukaguzi amenitoa kile kiungo cha shaba mfukoni. Akakigeuza geuza, akauliza hiki ni nini. Nimemwambia ni cha sakafu ya mama yangu, alifungia kondoo. Amenitazama sana. Amenirudishia mkononi.

Mwambie mama asing'oe kigingi, nataka kukiona. Mwambie Chelimo nalala mwisho.

Kondoo ahame.

Baba Chelimo